Uislamu na ustaarabu wa Magharibi: nani amemfunza mwenzake?

Mzalia wa Mkunazini:

Assalaam alaykum. Nina dai ambalo leo naliweka mbele yenu ili wenye hoja walipinge. Hiki kinachoitwa ustaarabu wa Magharibi, hasa katika hisabati, tiba na elimu ya nyota, kwa sehemu kubwa ni elimu ya Waislamu iliyochukuliwa, ikapewa majina mengine, kisha ikarudishwa skuli zetu kana kwamba ni kitu kigeni. Al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha aljebra Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Kitabu kikuu cha tiba cha Ibn Sina kilifasiriwa kwa Kilatini Toledo katika karne ya 12 na kikaendelea kusomeshwa katika vyuo vikuu vya Ulaya hadi karne ya 17. Leonardo wa Pisa, anayejulikana zaidi kwa jina la Fibonacci, alijifunza tarakimu tunazozitumia leo akiwa kijana katika bandari ya Bejaia, iliyopo Algeria ya sasa, akaja kuandika kitabu chake mwaka 1202. Mtoto wa hapa Unguja anaweza kumaliza kidato cha nne bila ya kusikia hata jina moja kati ya haya. Kwa nini basi tunaambiwa kila siku kwamba Uislamu na Magharibi ni mahasimu tangu asili, ilhali mmoja amelelewa na mwenzake?

Maalim wa Chake:

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Majina uliyoyataja ni ya kweli na tarehe zako sina ugomvi nazo, lakini umeianza hadithi katikati. Hizo tarakimu unazosema Fibonacci alizikuta Bejaia, Waarabu wenyewe walizipata India, na al-Khwarizmi hakuficha jambo hilo, kwani kitabu chake cha hesabu kilihusu hesabu ya Wahindi. Mfasiri mkubwa kuliko wote wa Baghdad, Hunayn ibn Ishaq, aliyefariki 873, alikuwa Mkristo. Thabit ibn Qurra, aliyefasiri na kusahihisha vitabu vya hisabati vya Kigiriki, alikuwa Msabii wa Harran, naye pia si Mwislamu. Vitabu vyenyewe vilikuwa vya Galeni, Euklidi na Ptolemi, watu ambao Wazungu nao wanadai kuwa ni babu zao. Ukisema Magharibi imelelewa na sisi, mwenzako wa Athens naye atasema sisi tumelelewa na yeye, na hoja yako hiyo hiyo ndiyo atakayoitumia.

Mzalia wa Mkunazini:

Maalim, nakubali kuhusu tarakimu. Lakini sisemi kwamba walianza na karatasi tupu. Nasema walichokipokea walikiongeza. Ibn al-Haytham hakuwafuata Wagiriki waliosema kwamba jicho hutoa mwanga wake likaviona vitu, alithibitisha kwamba mwanga ndio unaoingia jichoni. Ibn al-Nafis, katika karne ya 13, alimpinga Galeni waziwazi na kueleza kwamba damu hupita mapafuni kutoka upande mmoja wa moyo hadi mwingine, miaka mingi kabla ya tabibu wa Kiingereza Harvey kuandika mwaka 1628.

Tabibu Mstaafu:

Hapo kuhusu Ibn al-Nafis lazima tuwe waangalifu. Alichokieleza ni mzunguko wa damu baina ya moyo na mapafu. Mzunguko wa mwili mzima, pamoja na hesabu ya kiasi cha damu kinachopigwa na moyo, ni kazi ya Harvey. Isitoshe, mswada wa Ibn al-Nafis ulikuja kutambuliwa Berlin mwaka 1924 na tabibu wa Kimisri aliyekuwa akisoma Ujerumani. Wako wanaodhani kwamba fikra yake iliwafikia Wazungu wa karne ya 16 kupitia wafasiri wa Venisi, na wako wanaosema kwamba waligundua wenyewe. Mimi jambo linaloniuma zaidi ni kwamba kitabu kilikuwapo miaka karibu 700 na matabibu wetu wenyewe hawakujenga juu yake chochote kikubwa. Tukidai kuibiwa, tueleze pia kwa nini mali ilikaa kabatini.

Bi Shangani:

Salaam kwenu. Nyinyi wanaume mmeshafika Baghdad na Toledo, na hapa Mji Mkongwe mmepapita bila ya kupatazama. Sayyid Barghash bin Said alitawala kuanzia 1870 hadi 1888. Akiwa kijana alipelekwa Bombay kwa kumpinga nduguye, akaona mji wa kisasa wa zama zile. Mwaka 1875 alizuru London. Aliingiza maji mjini kwa mabomba kutoka chemchem za upande wa Bububu, akajenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 kwa nguzo za chuma zilizotoka ng'ambo na milango ya mbao iliyochorwa aya za Qur'ani. Mtu huyu huyu alileta mtambo wa kupiga chapa kiasi cha mwaka 1880, na kitu cha kwanza alichokishughulikia ni vitabu vya fiqhi ya Kiibadhi, ikiwamo Qamus al-Shari'a yenye majuzuu kwa majuzuu. Chuma cha Ulaya, wino wa Ulaya, na ndani yake masuala ya udhu na nikahi. Sijui katika mizani yenu ya nani kamfunza nani mtamweka upande upi.

Na kwa hatua chache kutoka hapo, wamisionari wa Kianglikana nao walikuwa na mtambo wao wakichapa Biblia kwa Kiswahili. Sayyid hakuwazuia. Inasimuliwa hata saa ya mnara wa kanisa lao la Mkunazini aliitoa yeye.

Kijana wa Wete:

Bi Shangani, watu wa mji mna ugonjwa wa kudhani kwamba historia inaanzia Forodhani na kuishia Darajani. Kimbunga cha 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, mabomba hayo ya maji na nguzo hizo za chuma zililipiwa na karafuu za Pemba. Andikeni na hilo.

Turudi kwenye aljebra. Maalim aliyetusomesha chuoni alikuwa ndiye anayegawa mirathi katika kijiji chetu. Alikuja nyumbani baada ya kufariki babu, Mwenyezi Mungu amrehemu, akakaa juu ya mkeka na kalamu ya risasi na karatasi iliyokatwa katika daftari la mtoto. Babu aliacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike, na mikarafuu 64 inayozaa. Alianza na thumuni ya mke, miti minane. Iliyobaki, 56, akaigawa mafungu saba, kwani kila mwanamume huhesabiwa mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Kila fungu likawa miti minane, basi ami zangu walipata 16 kila mmoja, na shangazi zangu minane minane. Kisha akatoka akaenda shambani na kijiti cha chokaa kuitia alama, mti baada ya mti, kwa sababu mkarafuu mmoja si sawa na mwingine na shangazi mkubwa hakukubali kupewa ya bondeni. Hapo hesabu iliwachukua asubuhi moja, na bondeni kuliwachukua wiki nzima.

Nilipofika chuo kikuu nikaja kujua kwamba sehemu kubwa ya kitabu cha al-Khwarizmi ni masuala ya wasia na mirathi kama hayo hayo. Kwa hiyo naona Mzalia yuko sawa kwa namna ambayo hakuitaja. Aljebra haikuzaliwa kwa ajili ya kupeleka roketi angani, ilizaliwa kwa ajili ya kugawa mali ya marehemu kwa haki. Wazungu waliichukua hesabu na kuiacha mirathi.

Maalim wa Chake:

Kijana, shangazi yako alikuwa na haki, na maalim wako alikosea kutoitathmini miti kabla ya kuigawa. Ila hoja yako ni nzuri.

Nahodha wa Zamani:

Naongeza la baharini, maana hakuna aliyeligusa. Vasco da Gama asingefika India mwaka 1498 lau si Ahmad bin Majid kumwongoza kutoka Malindi hadi Calicut. Mwarabu wa Oman aliufungua mlango ambao Mreno akaja kuutumia kutuvamia. Huo ndio uhusiano wa Uislamu na Magharibi kwa ufupi.

Maalim wa Chake:

Nahodha, habari hiyo imeenea mno pwani yetu na bado inasomeshwa, lakini wanahistoria wengi wameikataa. Waandishi wa Kireno wa wakati ule walimtaja rubani Mwislamu wa Gujarat kwa jina linalofanana na Malemo Cana, na hawakumtaja Ibn Majid. Jina la Ibn Majid linatokana na mwandishi wa Makka wa karne ya 16, Nahrawali, ambaye hakuwa shahidi. Kwa umri wake Ibn Majid alikuwa mzee sana, na katika mashairi yake mwenyewe hajisifu kwa jambo hilo. Rubani Mwislamu alikuwapo, hilo ni sahihi. Ibn Majid muachie heshima yake.

Nahodha wa Zamani:

Ahsante, Maalim. Nilisoma hivyo skuli na kila nahodha niliyewahi kusafiri naye aliamini hivyo. Hata hivyo hoja yangu haijaanguka, rubani ni rubani.

Mwanasheria wa Vuga:

Mnazungumza kuhusu vitabu na marubani kana kwamba mahusiano haya yalikuwa darasa. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, baada ya Sayyid Khalid bin Barghash kukataa kuondoka katika kasri, meli za Kiingereza zilipiga mizinga kwa muda usiozidi dakika 45, wapo wanaosema 38. Mamia ya watu waliuawa au kujeruhiwa, na upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Beit al-Hukm ikabomoka, na mnara wa taa uliokuwa mbele ya kasri ukaharibika hata ukaja kuondolewa. Saa iliyokuwa katika uso wa Beit al-Ajaib, kabla ya sehemu ya jumba hilo kuporomoka mwaka 2020, iliwekwa baada ya hapo, katika ukarabati. Ustaarabu wa Magharibi tuliufahamu kwa njia hiyo kabla ya kuufahamu kwa aljebra. Ibn Sina hakuwakataza kupiga mizinga.

Bi Shangani:

Bwana Mwanasheria, sikatai hata neno moja. Lakini na mimi nikuulize. Mwaka 1873 soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa kwa mkataba ambao Barghash alitia saini baada ya Waingereza kumtishia kuizingira Unguja kwa manowari. Kanisa lile lilijengwa juu ya ardhi hiyo hiyo, jiwe lake la msingi likawekwa mwisho wa mwaka ule ule. Utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria kwa dikrii ya 1897, na masuria wakaachwa nje ya dikrii hiyo hadi 1909. Mimi ni mjukuu wa mwanamke aliyeletwa mjini kutoka bara, na hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kueleza ametokea kabila gani. Mnaponiambia meli za Kiingereza zilileta uovu tu, bibi yangu ananijia. Mnaponiambia zilileta uhuru, nakumbuka kwamba mizinga ya 1896 ilitoka katika jeshi hilo hilo la majini.

Mzalia wa Mkunazini:

Bi Shangani, uso wangu umekunjamana lakini nakujibu. Uislamu ulifungua milango mingi ya kumwacha huru mtumwa, kafara ya yamini, kafara ya kuua bila ya kukusudia, na zaka yenyewe ina fungu la watumwa. Wafanyabiashara wetu waliifunga milango hiyo kwa sababu ya faida. Na hao Waingereza, bunge lao lilipoukomesha utumwa katika makoloni yao kwa sheria ya 1833, lilitenga pauni milioni 20 kuwalipa wenye watumwa, na watumwa hawakupewa kitu. Hapa pia waliofidiwa walikuwa mabwana. Dini haikushindwa pale, walioshindwa ni watu.

Bi Shangani:

Milango hiyo naijua, nimeisoma. Ilibaki wazi zaidi ya miaka elfu na biashara ikaendelea kupita pembeni yake. Jibu lako ni sahihi kwa kitabu na halinitoshi kwa bibi yangu.

Msomaji wa Kilimani:

Kabla mjadala haujahama kabisa, swali la Tabibu kuhusu mali iliyokaa kabatini halijajibiwa. Nimewahi kusikia majibu matatu na sijaridhika na hata moja. La kwanza linamlaumu Imam al-Ghazali, kwamba alipowapinga wanafalsafa karibu na mwaka 1095 aliua elimu ya akili. Hili ni jepesi mno, kwa sababu baada yake alikuja Ibn Rushd, akaja Nasir al-Din al-Tusi aliyeongoza kituo cha kutazamia nyota cha Maragha kuanzia 1259, akaja Ibn al-Shatir wa Damascus ambaye mahesabu yake ya mwendo wa mwezi yanafanana mno na ya Copernicus aliyechapisha mwaka 1543. La pili linawalaumu Wamongoli walioiharibu Baghdad mwaka 1258, lakini mnaona wenyewe kwamba Maragha ilijengwa mwaka uliofuata, tena chini ya utawala wa Mmongoli huyo huyo. La tatu ni mtambo wa kuchapa. Gutenberg alichapa Biblia yake kiasi cha 1455, na kwa Waturuki Ibrahim Müteferrika alipata ruhusa ya kuchapa vitabu kwa herufi za Kiarabu mwaka 1727. Hiyo ni tofauti ya takriban miaka 270, ambamo kitabu cha upande mmoja kilinakiliwa kwa mkono na cha upande wa pili kilitoka kwa mamia.

La kusikitisha zaidi katika yote, kwangu, ni kituo cha nyota cha Taqi al-Din. Kilijengwa Istanbul mwaka 1577, wakati ule ule ambapo Tycho Brahe alikuwa anajenga chake Denmark, na kilibomolewa kwa amri mwaka 1580.

Mwanasheria wa Vuga:

Msomaji, liko la nne, na ni la kisheria. Skuli, hospitali na maktaba katika nchi za Kiislamu ziliendeshwa kwa wakfu, yaani mali iliyotolewa daima kwa kazi ya kheri. Sharti la aliyeweka wakfu hufuatwa kama lilivyoandikwa, kwa hiyo kama babu yako aliweka nyumba ya Malindi kwa ajili ya mafuta ya taa ya msikiti, basi ni mafuta ya taa hata umeme ukiwa umefika. Ulaya ikaja na taasisi yenye nafsi yake kisheria, inayoweza kujitungia kanuni, kuunganisha mitaji na kubadili shughuli. Wapo wachumi wanaosema kwamba hapo ndipo tulipoachwa nyuma kimya kimya. Tazameni Mji Mkongwe, ni nyumba ngapi za wakfu zinavuja kwa sababu kodi yake haitoshi hata kununua chokaa, na masharti yake hayaruhusu kufanya vingine.

Maalim wa Chake:

Bwana Mwanasheria, hapo umeigeuza hoja. Wako wanaodai kwamba vyuo vya mwanzo vya Oxford, kama kile cha Merton cha 1264, viliundwa kwa mfano wa wakfu. Na al-Azhar, iliyoanzishwa 970, iliishi kwa wakfu karne kwa karne. Nyumba za Mji Mkongwe hazivuji kwa sababu ya fiqhi. Zinavuja kwa sababu usimamizi wa wakfu uliondolewa mikononi mwa jamaa na wanavyuoni, ukapewa kamisheni iliyoundwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na wapangaji wakawa wanalipa kodi ya kutupa tangu zama hizo.

Mwanasheria wa Vuga:

Kabla ya kamisheni pia zilikuwa zikivuja, Maalim. Kumbukumbu zimo.

Mzanzibari wa Ughaibuni:

Salaam. Nimeishi Uingereza muda mrefu na nasoma uzi huu usiku baada ya kazi. Mnapoitaja Magharibi mnazungumza kuhusu kitu kimoja, na mimi ninayeishi ndani yake sikioni hicho kimoja. Mtaa wangu una msikiti uliofunguliwa ndani ya kanisa la zamani lililokosa waumini na kuuzwa. Jirani yangu Mwingereza haamini Mungu wala hajui Ibn Rushd ni nani, lakini ukimwambia serikali imepiga marufuku msikiti wetu ndiye atakayekuwa wa kwanza kuandika barua. Hapo hapo, watu wa mji huo huo wanaandamana kutaka tuondoke. Wote wawili wanasema wanautetea ustaarabu wao. Mimi huyo wa kwanza ndiye anayenichanganya zaidi, kwa sababu haki anayonitetea hakuipata kutoka kwa al-Khwarizmi wala kutoka kwa askofu, na siwezi kusema tulimfunza sisi.

Kijana wa Wete:

Na karafuu je, mnaziona madukani huko, au nazo wameshabadilisha jina?

Mzanzibari wa Ughaibuni:

Zipo, ndani ya chupa ndogo, na hazikuandikwa Pemba.

Mzalia wa Mkunazini:

Ughaibuni, hilo la jirani yako sina jibu lake kwa sasa. Lakini sikubali kwamba uhuru wa kuabudu umezaliwa Ulaya. Barghash aliwaachia Waanglikana wajenge kanisa lao mjini hapa, wakati ambapo Waislamu wa Uingereza hawakuwa hata na msikiti uliojengwa kwa kazi hiyo. Ule wa Woking ulijengwa 1889.

Msomaji wa Kilimani:

Barghash aliwaruhusu kwa hisani yake, naye au mrithi wake angeweza kuiondoa kesho yake. Jirani wa Ughaibuni anatetea kwa sheria isiyomtegemea mfalme. Hayo ni mambo mawili.

Bi Shangani:

Na huyo Barghash hakuwa huru kukataa, Msomaji, mkono wa konseli wa Kiingereza, Kirk, ulikuwa begani mwake. Kama unataka kuona nani alikuwa anamwandikia nani, nenda Nyaraka hapo hapo Kilimani uombe barua za miaka ya 1870. Beba miwani, hati zake ni za kukwaruza.

Msomaji wa Kilimani:

Nitakwenda Jumatatu, inshaallah. Maalim, wewe niletee ushahidi wa hao wa Merton, maana mimi nilichokisoma ni dhana tu.

Maalim wa Chake:

Nitaleta. Na Mwanasheria alete hizo kumbukumbu za nyumba zilizokuwa zikivuja kabla ya Waingereza, kwa tarehe na mtaa.